Kabla Hujampimia Mwenzio

Ukiwa mweka hazina wa umoja wa akina mama kanisani, watu hawakuletei pesa tu, hukuletea na majina. Nimelishika daftari la kanisa letu hapa Kisauni, Mombasa, kwa miaka sasa. Fulani hajatoa mchango wa matanga. Fulani alikopa kwenye chama akanyamaza. Fulani zaka hatoi, lakini nguo za Jumapili hazimwishi. Mimi huitikia tu, "Haya mama," huku kidole kikishuka kwenye ukurasa kulitafuta jina la huyo anayesema. Mara nyingi nalo lina pengo.

Siyasemi haya kuwacheka wenzangu. Ninachotaka mkione ni maneno yanayofuata nikimwonyesha hilo pengo lake. Yeye mwezi ule alikuwa na shida. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Na yule mwenzake? "Ah, yule ndivyo alivyo." Mwezi ni ule ule, kiasi ni kile kile, lakini kosa lake lina sababu na la mwenzake ni tabia. Makosa yetu tunayajua kwa ndani, pamoja na usiku tuliokosa usingizi. Ya wenzetu tunayaona yakiwa matupu.

Ikisomwa Mathayo 7 wengi hukimbilia kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu na boriti iliyo jichoni mwako, wakacheka kidogo, wakapita. Mimi hunikamata aya ya 2: "Kwa kuwa hukumu ile mhukumuyo, ndiyo mtakayohukumiwa, na kipimo kile mpimiacho, ndicho mtakachopimiwa." Aliyewahi kununua maharagwe sokoni Kongowea anaelewa bila kuhubiriwa. Kuna gorogoro zima, lile kopo la kupimia nafaka, na kuna gorogoro lililobonyezwa kitako kikaingia ndani. Ukiyatazama kwa juu yote mawili yamejaa mpaka yanamwagika. Nasi tunayo hayo mawili: zima la kujipimia huruma, na lililobonyezwa la kuwapimia wengine.

Chukua suala la kelele. Huku kwetu nyumba zimebanana na misikiti, na hukosi kumsikia Mkristo aliyeamka vibaya akiinung'unikia adhana ya alfajiri. Adhana yenyewe ni dakika chache. Ijumaa ikifika, sisi tuna kesha: spika mbili zimetazama barabarani, kinanda, mapambio, shuhuda, kukemea mapepo mpaka saa kumi na moja, na mzee wa jirani mwenye presha hajafumba jicho. Ukiuliza unaambiwa, "Lakini sisi tunaabudu." Sizungumzii nani anamjua Mungu wa kweli, hilo nina msimamo wangu. Nazungumzia usingizi wa jirani. Jambo hili lilipoletwa kikaoni mzee mmoja alifoka kweli kweli, akasema tumeanza kuionea haya Injili. Wiki mbili baadaye spika ziligeuzwa zikatazama ndani, na mapepo, nijuavyo mimi, hayajalalamika.

Wala si jambo la kizazi hiki. Ukipita Kengeleni utaiona kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Mahali pazuri pa kujivunia, na tunajivunia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi wa makazi hayo hayo aliandamwa na malalamiko kwamba anawachapa viboko watu wale wale waliookolewa. Ukafanywa uchunguzi, akaondolewa. Sidhani alijiona anafanana na mwenye watumwa. Naona kama machoni pake mwenye watumwa ndiye aliyekuwa akitesa. Yeye alikuwa akitia adabu.

Basi mtu afanyeje? Kabla sijalipeleka jina la mtu kwa mchungaji, naichukua ile sentensi ninayotaka kumshtakia na kujiweka mimi ndani yake. "Mama fulani ni msengenyaji" inakuwa "mimi ni msengenyaji." Kisha najidai ushahidi: wiki hii nimemsema nani, wapi, mbele ya nani? Nataka majina. Kukiri kwa jumla ni rahisi mno. "Sisi sote tu wenye dhambi" haijawahi kumgharimu mtu kitu. Daudi alimkasirikia kwelikweli yule tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, akamhukumia kifo, asijue ni hukumu yake mwenyewe anayoisoma, mpaka Nathani alipomwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Hasira yake haikuwa ya unafiki. Ndiyo maana siamini tena kwamba nikichukizwa sana na dhambi fulani, basi mimi sinayo.

Zaburi 139:23 ni ombi zuri la kuanzia: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Lakini jibu mara nyingi huja kwa vinywa vya watu wa nyumbani. Muulize mumeo. Muulize wifi yako, huyo hatakuficha. Muulize binti anayekusaidia kazi unavyosema naye watu wakishaondoka, na kama anaogopa kukujibu, jibu umeshalipata. Wakati mzuri wa kuuliza ni siku chache kabla ya Meza ya Bwana, maana Paulo alisema mtu ajihoji mwenyewe kwanza (1 Wakorintho 11:28), na kujihoji kwa dakika mbili foleni ikisogea mbele ni kujidanganya.

Ukishajihoji, nenda kwa mhusika mwenyewe. Mathayo 18:15 inasema "wewe na yeye peke yenu", na hapa ndipo akina mama tunapokwama. Tumebuni njia yetu: ombi la maombi. "Tumkumbuke dada yetu wa Bamburi, ndoa yake inapitia mawimbi," mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, na kufikia saa nne na nusu watu watatu wameshanipigia kuuliza mawimbi gani. Hayo si maombi. Mimi huenda alasiri, nikiwa peke yangu, bila Biblia mkononi, na naanza na yale yaliyonishinda mimi. Wagalatia 6:1 inataka tumrejeze aliyeghafilika "kwa roho ya upole", huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Wengine hunikaribisha chai. Wengine hawanifungulii, nami sibishi hodi zaidi ya mara tatu.

Lakini kuna wanaojificha nyuma ya "msihukumu", na hao wananiudhi kuliko wasengenyaji. Yesu hakusema kibanzi cha ndugu yako kiachwe machoni. Aya ya 5 inaishia kwa kukitoa. Sura hiyo hiyo, aya ya 15, anatuambia tujihadhari na manabii wa uongo. Mtu akila pesa za kanisa, hesabu zifunguliwe, hata kama aliyeligundua naye ana madeni. Mtu akimdhuru mtoto, hakuna cha kufunga siku tatu kujichunguza wala kikao cha wazee kulimaliza kimyakimya. Ni kituo cha polisi, siku hiyo hiyo. Nimewahi kusikia "nani asiye na dhambi" ikitamkwa mahali ambapo mama wa mtoto alikuwa amekaa analia, na sikunyamaza.

Kwa hiyo huwa najiuliza swali moja tu: nikisubiri mpaka nijichunguze, kuna mtu atakayeumia usiku huu? Akiwapo, naondoka mara moja. Asipokuwapo, neno langu kwa Mama Fulani laweza kungoja hadi Jumatano, na mara nyingi Jumatano ikifika limeshapungua nusu.