Ruzuku ya mradi wa kijiji: nawajibu mlioniandikia

Ujumbe wa miezi hii miwili karibu wote umegusa jambo moja: vikundi vya mazingira na fedha. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha mwambao wa Tanga kwa miaka kumi na sita, na kwa muda nilikaa upande wa pili wa meza nikisoma maandiko ya kuomba ruzuku ya vikundi vingine. Nayajibu kwa niliyoyaona. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaondoa.

Mama, tuko akina mama 18 wa Kwale, tumeanza kukusanya mbegu za mikoko. Tunaambiwa bila kusajiliwa hatupati hata shilingi. Tuanzie wapi? (Bi M., Kwale)

Kusajiliwa ni kweli, Bi M., na kwenu si mzigo mkubwa. Sheria ya Kenya ya kusajili vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, nanyi mmepita. Kaeni kikao, andikeni muhtasari, chagueni viongozi, tungeni katiba fupi ambayo kila mmoja wenu anaielewa hata akisomewa tu, kisha mwende ofisi ya maendeleo ya jamii. Msikimbilie kuwa shirika kubwa chini ya ile sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Ina taratibu za ripoti na hesabu zinazohitaji mtu wa kukaa ofisini, na nyinyi mna matope ya kukanyaga. (Wa Tanzania wanaouliza hili: kikundi cha kijiji anzeni nacho kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu.)

Kabla ya benki na wafadhili, piteni ofisi ya Huduma ya Misitu na chama cha wahifadhi wa msitu wa eneo lenu. Mikoko ni msitu wa serikali, na kupanda pasipo ruhusa kumewaponza wengi wenye nia njema.

Halafu niruhusuni neno ambalo hamkuliuliza. Katika miti ya mikoko, wengi hupanda aina moja tu, ile iitwayo mkoko hasa, kwa kuwa mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, na huupanda popote penye tope. Wazee wa pwani wanajua kila mti una mahali pake: mlilana hutangulia mbele kwenye maji, mkoko hufuata, mkandaa na mchu hukaa nyuma. Mkoko uliochomekwa kwenye tope tupu la mbele hupigwa na mawimbi na kufa. Tembeeni na mzee mmoja anayeijua pwani yenu siku maji yamekupwa, mwangalie miche inayoota yenyewe iko wapi. Pengine mtagundua kwamba sehemu kubwa ya msitu itarudi bila kupandwa, ikiwa tu watu wataacha kukata na mkondo wa maji uliozibwa ukizibuliwa. Mfadhili makini atapenda kusikia hivyo kuliko kusikia mmepanda miche laki moja.

Shikamoo mama. Nimeandika maandiko saba ya mradi wa kupanda miti kando ya ziwa, yote yamekataliwa, mengine hayakujibiwa. Nimetumia vigezo vyote vya mtandaoni. Nakosea wapi? (Kijana wa Mwanza)

Marahaba mwanangu. Andiko ulilonitumia nimelisoma mara mbili, nawe umeniruhusu kulisemea hapa.

Lengo lako ni "kutokomeza umaskini na kurejesha uoto wa asili katika Kanda ya Ziwa". Kikundi chenu kina watu 14. Anayesoma hapo anaweka karatasi chini. Andika kijiji, andika ufukwe, andika mita ngapi za kingo za mto mnataka kuzitunza na nani analima hapo sasa. Huyo anayelima amekubali nini? Hilo halipo kabisa katika kurasa zako 22, na ndilo swali la kwanza ambalo ningekuuliza.

Bajeti yako, mwanangu, nusu ni warsha, posho, fulana na pikipiki. Miche na ulinzi wake vimepata robo. Nilipokuwa nasoma maandiko, nilikuwa nafungua ukurasa wa bajeti kwanza, na wenzangu walifanya hivyo hivyo, kwa sababu maneno huweza kuazimwa lakini mgawanyo wa fedha huonyesha mtu anataka nini hasa. Miti hufa kiangazi cha mwaka wa kwanza. Weka mtu wa kumwagilia, weka uzio wa miiba dhidi ya mbuzi, weka miche ya kujazia iliyokufa. Na ahidi kuhesabu miche iliyo hai baada ya mwaka, si iliyopandwa siku ya sherehe. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Kipimo hicho ni kikali, na ni cha haki.

Kuhusu pa kuomba: mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, uliundwa kwa ajili ya vikundi na asasi ndogo kama yenu. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku kilikuwa dola 50,000, kwa hiyo ulizeni cha sasa; na uamuzi hutolewa nchini na kamati ambayo wengi wake si watu wa serikali. Huanza kwa andiko fupi la kurasa chache, kwa hiyo usiwapelekee zile 22. Tanzania pia upo Mfuko wa Misitu, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kwa mizinga ya nyuki uchukue. Kwa kupanda miti ya kingo ambayo haitauzwa, usiguse, utawafilisi wenzako.

Na omba kidogo. Kikundi ambacho hakijawahi kushika milioni tano kikiomba milioni mia, kinaogopesha.

Kuna mtu ana "watu wake" kwa mfadhili. Anataka shilingi laki tano za kufungulia faili, na asilimia 10 fedha zikiingia. Tumpe? (Kikundi cha Morogoro)

Msimpe hata mia. Mpango wa ruzuku unaoaminika hautozi ada ya kufungua faili. Mkilipa asilimia 10 kwa siri, hesabu zenu zitakuwa na uongo tangu siku ya kwanza, na mtakaohojiwa ni nyinyi mliotia saini, yeye hamtamwona.

Kampuni imekuja kijijini na mkataba wa kaboni wa miaka 30. Wanasema tutapata fedha kwa kuacha tu kukata msitu. Vijana wanataka tusaini, wazee wanasema tunauza ardhi. Wewe unasemaje? (Mjumbe wa serikali ya kijiji, Lindi)

Ndugu mjumbe, fedha hizo zipo kweli: wanunuzi hulipia kaboni, yaani hewa ya ukaa ambayo miti yenu inaishikilia isiende angani. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kutunza msitu wa Ntakata. Gazi na Makongeni, huko Kwale, wanauza kaboni ya mikoko kupitia Mikoko Pamoja tangu 2013: hekta 117 tu, tani zipatazo 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule.

Lakini tazama kilichotangulia. Gazi watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya walikuwa wakipanda na kupima mikoko pamoja na wanakijiji tangu miaka ya 1990. Kaboni iliwakuta wanaujua msitu wao. Katavi vijiji vilikuwa na mipango ya matumizi ya ardhi na misitu iliyotengwa. Kijiji ambacho mipaka yake bado inagombaniwa na jirani hakina cha kuuza, kina kesi inayosubiri.

Kwa hiyo wazee wenu hawajakosea kuogopa, ingawa kinachouzwa si ardhi. Mnachouza ni ahadi ya namna mtakavyoitumia kwa miaka 30, na wajukuu ndio watakaoitimiza. Msitu wa kuni, wa dawa, wa malisho ya kiangazi: ni upi utabaki wazi? Asilimia ya kijiji ni ya mapato yote au ya kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake? Maneno hayo mawili hutenganisha shule na kalamu. Bei ikipanda, nanyi mnapanda? Msitu ukiungua, nani anabeba hasara? Kampuni ikiuzwa kwa wengine, mkataba unahama nao bila nyinyi kuulizwa?

Kenya wamebadilisha sheria yao ya tabianchi mwaka 2023 na kuweka kiwango cha chini cha asilimia 40 kwa jamii katika miradi ya ardhi. Nyinyi mna Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Waandikieni kuuliza kama kampuni hii inajulikana kwao. Mkataba uwe kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, si ndani ya ofisi ya mwenyekiti, na mwanasheria wa halmashauri awepo. Anayewaharakisha msaini wiki hii mwambieni arudi baada ya mavuno.

Mfadhili anataka "mchango wa jamii". Sisi ni maskini, tuchangie nini? (Kikundi cha Kilifi)

Mnachangia tayari, hamjaandika. Siku za kazi, mtumbwi wa mwanachama, eneo la kitalu, mahindi mliyopika siku ya kupanda. Fungueni daftari leo: tarehe, jina, saa, thamani kwa bei ya kibarua ya hapo kwenu. Majirani zenu wa Kuruwitu walitenga eneo lao la bahari mwaka 2005, hekta 30 hivi, wakakubali kutovua humo. Kuacha kuvua ni mchango mzito kuliko fedha taslimu.

Mweka hazina wetu ametumia fedha za mradi kumlipia mwanawe ada, anasema atarudisha. Ni mtu mwema, tunaogopa kumwaibisha. (Jina limehifadhiwa)

Nimelisoma swali hili kwa uchungu, maana nimekalia kiti hicho. Najua inavyokuwa: fedha za wenzako ziko kwenye simu yako, mtoto amerudishwa nyumbani, na hakuna anayekuangalia.

Mwiteni, viongozi watatu, bila kadamnasi. Aandike kiasi na tarehe ya kurudisha. Kisha mwambieni mfadhili kabla hajauliza. Najua hamtaki, ila aliyeambiwa mapema mara nyingi hutafuta njia, na aliyegundua mwenyewe hufunga mlango. Mumwondoe kwenye cheo, mumbakize kwenye kikundi.

Halafu jiulizeni nyinyi: ilikuwaje mtu mmoja akaweza? Fedha za kikundi zikae kwenye akaunti yenye watia saini watatu, wawili wakilazimika kila mara. Kwetu, kila mwisho wa mwezi taarifa ya benki inabandikwa kwenye ukuta wa ghala la samaki, na kila mtu anasoma. Jambo hilo limenilinda mimi kuliko lilivyowalinda wao.

Mfadhili ameondoka, kitalu kimekauka, miti inakatwa. Tutafute mwingine? (Mwalimu, Shinyanga)

Mwalimu, jibu mnalo mkoani kwenu. Mwaka 1986, wakati ardhi ya Shinyanga ilikuwa imebaki wazi kwa kufyeka miti ili kuwamaliza mbung'o na kwa mashamba ya pamba, serikali ilianzisha HASHI, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Norway ikachangia. Walichofanya kwa busara ni kurudi kwenye ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, ikilindwa na sheria za dagashida (mkutano wa jadi wa wanakijiji) na walinzi wa sungusungu. Ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita 300,000. Fedha ziliondoka, lakini amri ya kutolisha humo hadi kiangazi ilikuwa ya wenyeji tangu zamani.

Kitalu chenu kilikuwa cha nani? Kikundi changu kiliwahi kupokea fedha za miche masika yakiwa yamekwisha. Ripoti ilidaiwa Desemba, tukapanda juani ili tupate picha. Karibu yote ilikufa, na tulijua itakufa wakati tunaipanda. Tangu hapo hatupandi kwa kalenda ya mtu mwingine, na tumewahi kurudisha ruzuku moja kwa sababu hiyo. Waiteni wazee, mtenge hekta mbili tatu, mkubaliane faini. Mfadhili mwingine mtamtafuta mkiwa na hizo za kumwonyesha.

Niko Muscat, kwetu Pemba. Wana-Pemba huku tunataka kuchangisha kwa ajili ya bahari ya kijijini. Tununue boti? (Al-akh S.)

Msianze na boti. Boti ikiharibika injini, inakuwa kibanda cha kuku. Ulizeni kamati ya wavuvi ya shehia yenu, kwa kupitia sheha, kama wako tayari kufunga mwamba wa pweza, yaani kutovua humo, kwa miezi kadhaa, kama walivyofanya Kisiwa Panza. Wakikubali, wanachokosa ni mafuta ya doria na chakula cha walinzi wa usiku, na kitu kidogo kwa akina mama wanaookota pweza kwa miguu, maana wao ndio hukosa kitoweo mwamba ukifungwa. Hicho mnaweza kukituma kila mwezi bila kuumia. Tumeni kwa watu wawili, si kwa mjomba mmoja. Na siku ya kufungua mwamba, mmoja wenu apande ndege awepo ufukweni pweza wakipimwa, arudi Muscat na hesabu mkononi.