Usimlipe mshauri kabla hamjaandika kipimo ni cha nani

Dada, simama hapo hapo. Hiyo amana usiitume.

Unasema mna kipimo cha haraka cha sikoseli kwa watoto wachanga, na mshauri amewaambia mjaribu kwanza na damu ya watu wazima iliyo kwenye friji ya maabara hapa Nairobi. Ile karatasi ya matumizi yaliyokusudiwa, inayosema kipimo ni cha kazi gani na cha nani, ati mtaijaza mkipeleka faili Bodi ya Famasia na Sumu. Halafu unauliza alipwe ngapi, apewe hisa au la, na kama mtafute maabara ya chuo. Mimi nimekwama kwa hiyo karatasi, maana ndiyo iliyotumaliza.

Sisi tulikuwa na kipimo cha bruselosi, ule ugonjwa watu huupata kwa mifugo. Tulikuwa tunawalenga wafugaji wa Kajiado na Isiolo, kwenye zahanati ambako kutoboa kidole ni rahisi lakini mashine ya kuzungusha damu hakuna, na ikiwepo stima imepotea. Mshauri wetu akasema tuanze na seramu, yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitolewa, ni safi, wawekezaji watapenda matokeo. Kweli walipenda. Kwa furaha hiyo tukalipia kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, ya kijumba cha kipimo kule Shenzhen, China, na kalibu ya chuma hairudishwi dukani.

Kisha tukaenda mashinani na damu ya kidole. Chembe nyekundu zikasambaa kwenye utando wa nitroselulosi, ule ukanda unaoonyesha jibu, wote ukawa mwekundu, mstari wa jibu ukamezwa. Muuguzi mmoja akaniuliza kama hicho ni kipimo au ni bandeji iliyotumika. Dawa yake inajulikana: unaongeza pedi ya kuchuja chembe. Lakini pedi ina unene, kijumba kikakataa kufunga, kwa hiyo kalibu mpya. Pedi hunyonya plazma, yale maji ya damu, kwa hiyo kiasi cha damu na cha bafa, kile kimiminika cha kuisukuma, kikabadilika, na kiwango cha kutenganisha chanya na hasi kikahama. Zile takwimu tamu za seramu zikawa za bidhaa ambayo hatuuzi. Majaribio ya kustahimili joto, upya. Kamati ya maadili, upya, kwa sababu kibali kilikuwa cha sampuli za friji, si cha kutoboa watu. Mkopo uliochukuliwa kwa hati ya shamba la mzee bado tunaulipa, na mzee huniuliza hali ya "ile dawa ya ng'ombe" kila Krismasi.

Tulipompigia mshauri, jibu lilikuwa kwamba hilo liko nje ya mkataba. Jamani! Alichotuuzia ni templeti za ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa tiba, na chini ya ukurasa mmoja bado kulikuwa na jina la kampuni ya vali za moyo. Kiwango hicho hicho, kifungu 7.3.3, kinataka mahitaji ya usanifu yafuate matumizi yaliyokusudiwa. Yaani alituuzia kitu ambacho hakuwa amekisoma, na kwa dola.

Kwenu ni mbaya zaidi. Damu ya mtoto aliyezaliwa juzi imejaa hemoglobini F, ile ya utotoni, na ile S, ya sikoseli, bado ni kidogo. Kipimo kinachoiona S ya mtu mzima vizuri kinaweza kuikosa ya mtoto, naye akarudishwa nyumbani ameandikwa hana. Damu ya hiyo friji haitawaonyesha kosa hilo hata mkipima elfu.

Kwa hivyo andikeni kwanza, kabla ya maabara yoyote: kinatambua nini, kwa nani, kwa sampuli gani, kinafanywa na nani, wapi, na jibu likitoka kifuate nini. Mfano: "Kutambua hemoglobini S kwa mtoto wa siku 0 hadi 28, kwa tone la damu ya kisigino, kikifanywa na muuguzi wa wodi ya uzazi, chanya ithibitishwe maabara kwa HPLC (mashine ya kutenganisha aina za hemoglobini)." Kila neno hapo lina bei. Badilisha "muuguzi" iwe "mhudumu wa afya ya jamii" uone maagizo, picha na majaribio ya watumiaji yanavyoanza upya.

Malipo? Mlipeni kwa kazi iliyokamilika, na kazi ya kwanza iwe hiyo sentensi. Akisema ni ya baadaye, mshukuru kwa chai, kisha ummwage.

Ukishaiandika ibandike hapa, kuna watu wa maabara humu wataitoboa bure. Na kalibu, iwe ya Shenzhen au ya Industrial Area, msiguse bado.