Jua la saa saba Bagamoyo na lenzi ya f/2: kwa nini picha zinapauka?

SWALI: Kaka habari za kazi. Natumia Pentax K1000, lenzi 50mm f/2, mkanda wa ISO 400. Nilimpiga dada angu ufukweni hapa Bagamoyo saa saba mchana, nikafungua lenzi mpaka f/2 ili mashua za nyuma zififie, shata nikaweka 1/1000 lakini mshale wa mita ya mwanga umeganda juu haushuki. Picha zimerudi zimepauka. Kamera imekufa?

JIBU: Salama mdogo wangu. Kamera nzima hiyo, na mita ilikuwa inakwambia ukweli.

Kwenye jua kali weka f/16 (namba ya f ikiwa kubwa tundu la lenzi ni dogo), shata iwe sehemu ya sekunde iliyo karibu na namba ya ISO, yani wepesi wa mkanda kushika mwanga, kwa hiyo mkanda wa 400 unataka 1/500. Ukipanda 1/1000 unapata f/11 na hapo K1000 imefika mwisho, haina shata nyingine. Sasa hesabu toka f/11 kushuka: 8, 5.6, 4, 2.8, 2. Hatua tano, kila moja inazidisha mwanga mara mbili, yani mkanda wako umekula mwanga mara 32 ya uliohitaji, na hapo sijagusa mchanga unaorudisha jua. Negativu ya rangi inavumilia kuzidi hatua mbili tatu hivi, tano ni nyingi mno. Ingekuwa slaidi (mkanda unaotoa picha yenyewe, sio negativu) ndo basi tena.

Kwa hiyo anza na mkanda. Ukiweka ISO 100 (na kidude cha ISO pale juu ukibadilishe, wengi wanasahau) umeshapunguza hatua mbili, unapata f/5.6 kwa 1/1000. Tatu zilizobaki funga filta ya ND8, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga, inakata hatua tatu, umefika f/2. Mita ya K1000 inapima mwanga uliopita kwenye lenzi so ukishafunga filta usihesabu tena, fuata mshale tu. Mwenye Zenit E mita yake ipo nje juu ya lenzi, huyo ahesabu mwenyewe, na shata yake inaishia 1/500 so anahitaji ND16, ya hatua nne.

Ila nakuomba usiing'ang'anie f/2. Mtu akiwa mita moja na nusu toka kwako, kwa f/2 eneo linaloonekana kali, mbele mpaka nyuma, ni kama sentimita 10 tu, akiyumba kidogo jicho limepotea. Kwa f/4 unapata kama 20 na mashua zilizo mbali nyuma bado zinafifia vizuri, kinachosaidia sana ni kumsogelea. Filta huna? Mwingize kwenye kivuli kilicho wazi, mwanga unashuka kama hatua tatu. Au subiri saa kumi na moja jioni, kwetu jua linachomoza baharini na kuzama upande wa mji, so akigeukia mji linampiga usoni kwa upole na bahari inabaki nyuma yake, hapo hata mkanda wa 400 unaanza kukaa sawa.

Hizo negativu usitupe. Ishike moja dirishani, uso utakuwa mweusi tii, lakini ukiona bado macho na mistari ya kanga inaonekana, irudishe studio waambie waskani upya kwa mkono, wasiiachie mashine iamue. Rangi haitakuwa kamili ila sura ya dada inaweza kurudi.