Vietnam: Majibu kwa Wanaofunga Safari

Barua kuhusu Vietnam zimekuwa nyingi. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo vitabu vya watalii huyapitia juujuu.

Nikisikia Vietnam nakumbuka vita tu. Hakuna historia nyingine? (Msomaji, Tanga)

Ipo, tena ndefu. China iliitawala sehemu ya kaskazini kwa takriban miaka elfu moja, hadi mwaka 938, jemadari wa Kivietnam Ngô Quyền alipowashinda kwenye mto Bạch Đằng. Aliamuru magogo yaliyochongwa ncha yasimikwe mtoni. Maji yalipojaa hayakuonekana. Yalipokupwa, meli za adui zikanasa juu yake. Mvuvi yeyote wa Tanga angeielewa hila hiyo bila kuchorewa ramani.

Katikati ya nchi palikuwa na ufalme tofauti kabisa, Champa, wa mabaharia na wafanyabiashara waliomwabudu Shiva, mungu wa Wahindu. Minara yao ya matofali mekundu bado imesimama Mỹ Sơn. Nguvu zao zilivunjika mwaka 1471, Wavietnam walipouteka mji wao wa Vijaya, na mwaka 1969 mabomu ya Marekani yakabomoa sehemu ya minara hiyo. Ukiwa na siku moja tu ya historia, itumie hapo, na uende asubuhi na mapema kabla mabasi hayajafika. Alasiri shuka Hội An, bandari ya kale ya Wachina na Wajapani. Mto ulijaa mchanga, biashara ikahamia Đà Nẵng, na kwa kuwa fedha iliondoka, hakuna aliyehangaika kuzibomoa nyumba za zamani.

Je, ni adabu kuwauliza wenyeji habari za vita? (Msomaji, Nakuru)

Subiri waanze wao. Vita viliisha tarehe 30 Aprili 1975 na watu wengi utakaokutana nao wamezaliwa baada ya hapo. Zaidi ya hayo, huko kusini familia moja yaweza kuwa na ndugu waliopigana pande mbili. Wenyewe huviita vita dhidi ya Marekani. Makumbusho ya vita yaliyopo Jiji la Ho Chi Minh yanaeleza mengi, ila picha za walioathiriwa na sumu iliyomwagwa na ndege ni nzito. Mtoto mdogo asiingie.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini? (Msomaji, Mombasa)

Nguruwe hutumika sana, hata mafuta yake, kwa hiyo tambi za mtaani uliza kwanza. Anzia mtaa wa Đông Du, Jiji la Ho Chi Minh: kuna msikiti uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wenye asili ya India, na migahawa ya halali iko jirani. Wapo pia Waislamu wazawa. Wacham, wazao wa ule ufalme wa Champa, walioko Châu Đốc karibu na mpaka wa Kambodia, wana misikiti yao kando ya mto. Kwingineko tafuta mgahawa wenye neno *chay*, yaani chakula kisicho na nyama.

Eti mtu usiyemjua anakuuliza umri? (Msomaji, Dodoma)

Ndiyo, na hakuchunguzi. Bila kujua umri wako hajui akuite kaka, dada, mdogo wangu au shangazi, na kumwita mtu kwa jina tupu si heshima. Sisi wa shikamoo hatuna haki ya kushangaa.

Nijihadhari na nini kwenye pesa? (Msomaji, Kampala)

Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Usiku, ndani ya teksi, ni rahisi kuzichanganya. Ile ndogo ina daraja lenye paa la Hội An. Kubwa ina nyumba ya utotoni ya kiongozi wao wa uhuru, Ho Chi Minh. Zitenge mifuko tofauti.

Niende mwezi gani? (Msomaji, Arusha)

Inategemea unakokwenda. Hanoi mwezi Januari kuna baridi ya kuvaa sweta, wakati kusini ni joto na kukavu. Oktoba na Novemba Hội An hufurika, wakati mwingine mitumbwi ikapita mitaani. Mimi ningechagua Machi. Tết, mwaka mpya wao, huangukia kati ya takriban tarehe 21 Januari na 20 Februari. Maua yake yanapendeza, lakini kila mtu anarudi kwao: tiketi za treni huisha mapema na maduka mengi hufungwa kwa siku kadhaa.