Sanamu za uchi: tuulizwe kabla ya kuchongwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo sanamu za watu uchi zisimame hadharani hapa Uganda au zifungiwe ndani. Mimi ni mchongaji wa mbao, Kampala. Nasema zisimame, ila wenye mtaa waulizwe kabla patasi haijagusa gogo.

Wanaopinga siwabezi. Kwetu utupu ni jambo zito. Mwaka 2015, kule Apaa, kaskazini mwa nchi, kina mama wa Kiacholi walivua nguo mbele ya mawaziri kutetea ardhi yao. Mama mtu mzima havui ovyo. Akivua, ni laana. Mzee anayekuta umbo la mama uchi njiani akainamisha uso, tumwelewe.

Ninachokataa ni kukimbilia sheria. Ile ya kupinga ponografia ilipotiwa saini mwaka 2014, makundi ya watu yaliwavamia wanawake mabarabarani na kuwavua nguo, eti wamevaa vibaya! Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta vifungu vyake vya msingi mwaka 2021, lakini dada zetu walikwisha kudhalilishwa.

Na tatizo si ngozi kuonekana. Kibandani nina mama wa mvule anayenyonyesha, kifua wazi. Kina mama humshika, humpapasa mtoto mgongoni, wakauliza bei. Hakuna aliyewahi kuuliza blauzi iko wapi. Jirani yangu alikuwa na sanamu ya msichana aliyepinda kiuno, midomo wazi. Mama mmoja alimgeuza akatazama ukutani, akasema: "Fundi, huyu umewachongea wanaume." Alisema kweli tupu.

Mchongaji Dk. Lilian Nabulime wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza sanamu za sabuni zenye umbo la via vya uzazi, ili mke na mume waweze kuzungumzia UKIMWI. Kazi ya namna hiyo, kubwa na ya kudumu, ningependa kuiona nje ya vituo vyetu vya afya, hata kama wengine watanuna mwanzoni.

Basi mchoro upelekwe kwanza kwenye kikao cha LC1, yaani baraza la mtaa. Shehe auone, mchungaji auone, kina mama wa sokoni wauone, na vijana wa bodaboda pia. Wakisema sanamu isikae mkabala na msikiti, isogezwe. Wakisema haifai kabisa, msanii ajitetee palepale, uso kwa uso, kabla shilingi ya kodi yetu haijatumika.