Kwa mnaoanza kuhamishia dodoso la kujidhibiti kwenye Kifaransa

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii mnatumia nguvu nyingi kwenye tafsiri na nyingine kwenye takwimu. Katikati, pale mhojiwa anapoisoma kauli na kuijibu, mnapita mbio, na mimi nawasihi mkae hapohapo.

Chukua dodoso fupi la kujidhibiti la wanasaikolojia Tangney, Baumeister na Boone la mwaka 2004. Lina kauli 13, na mtu hujibu kwa ngazi 5, kuanzia "hainielezi kabisa" hadi "inanieleza vizuri sana". Kauli 9 zinataja udhaifu: uvivu, tabia mbaya zisizoachika, kutenda bila kufikiri. Alama zake hugeuzwa, 5 ikawa 1, kabla ya kujumlisha. Toleo la Kifaransa la Brevers na wenzake lilichapishwa 2017. Lisome kabla hujaanza lako.

Sasa tazama kauli inayosema kuna wakati mtu hawezi kujizuia hata akijua anakosea. Ukiiandika kwa "ne pas pouvoir m'empêcher", yaani kutoweza kujizuia, kukanusha kumo ndani tayari, na asiye hivyo inabidi akanushe tena. Keti na mhojiwa, mwombe afikiri kwa sauti. Utamwona anasoma, anarudi mwanzo, kalamu inasimama kwenye 2, inahamia 4. Nafsi yake anaijua vizuri; sentensi ndiyo imempoteza. Mwingine atajibu nusu ya mwisho tu, ile ya kukosea. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, inaweza kutoka nzuri na hayo yote yakabaki yamefichika.

Tafsiri rejea, ile ya kurudisha Kifaransa kwenye Kiingereza ili kulinganisha na asili, ifanyeni, lakini msiitegemee peke yake. Mfasiri hodari huinyoosha sentensi mbovu kimyakimya anapoirudisha kwenye Kiingereza, nawe unaamini imepita.

Watafiti bado wanabishana kama dodoso hili lina faktori moja au mbili, yaani kama kauli zake zinapima jambo moja au mawili. Zikitoka mbili, usikimbilie kuzipa majina. Angalia kwanza kama ya pili si zile kauli za kugeuzwa zilizojikusanya pamoja.

Tena, wanafunzi wa chuo kimoja cha Brussels hawawezi kuwasemea watu wa Montréal, Dakar na Kinshasa. Kabla ya kulinganisha wastani, pima kama muundo wa faktori ni uleule katika makundi yote, kisha mizigo ya kauli (nguvu ya kila kauli kufungamana na faktori), kisha viwango vyake vya kuanzia (jibu linalotarajiwa kwa watu wenye kujidhibiti kulekule). Hivyo vya mwisho visipolingana, acha kulinganisha, hata kama msimamizi anasubiri jedwali. Tafuta kauli inayoleta tofauti, urudi nayo kwa wahojiwa kabla hujaifuta.