Uuze spika 5 ununue Atmos? Subiri kwanza

Kaka, umeuliza kama uuze spika zako 5 ununue Atmos, ile sistimu ya Dolby inayoongeza sauti za kutoka juu. Sebule yako ya Umoja, Nairobi, yenye futi 12 kwa 14 haihitaji sistimu mpya bado. Umesema spika za nyuma zimepangwa juu ya kabati la TV pamoja na za mbele. Hapo ndipo kasoro ilipo! Zipeleke kando ya kochi, juu kidogo ya masikio, kisha usikilize tena.

Dolby Digital na DTS, mifumo miwili ya sauti za filamu, zote hugawa sauti njia 6, ya wufa (spika ya besi) ikiwemo. Kwenye DVD, DTS hutumia data nyingi zaidi, na wauza spika wa barabara ya Luthuli watakubishia mpaka jioni kuhusu ipi ni bora. Masikio yangu hayajawahi kumpata mshindi. Netflix yenyewe hutuma Dolby.

Atmos ya 2012 ndiyo tofauti hasa: mvua ya kwenye filamu unaisikia ikipiga juu ya kichwa. Spika za kurusha sauti juu hutaka dari bapa na ngumu, na slabu yako inafaa. Ila waya wa optiki, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, haubebi Atmos. Tumia waya wa HDMI kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, linalotoa sauti ya TV kwenda kwa spika. Na wufa itoe kwenye kona, jirani wa chini naye analala.